Dashibodi ya dijitali kwenye gari la zamani: nunua na mkia wake

Swali ninaloulizwa na karibu kila mwenye Cresta au Mark II ya zamani hapa Arusha ni bei. "Kaka, hiyo dashibodi ya dijitali umeitoa wapi, na ni shilingi ngapi?" Bei iache mwisho. Kwanza uliza imetolewa kwenye gari gani, na imetoka na waya zake au imechomolewa tupu.

Tuelewane hapa. Sizungumzii skrini za magari ya juzi. Nazungumzia zile mita za Kijapani za miaka ya 1980 na 1990, tarakimu za kijani zinazong'aa ukiwasha funguo. Toyota walizifunga kiwandani kwenye baadhi ya GX81 (namba ya muundo wa hizo Mark II na Cresta), huku gari lenye bodi ileile likitoka pia na mishale ya kawaida. Hiyo ndiyo nafuu yetu. Ukitafuta mita ya gari la aina yako, inaingia mahali pake bila kukata plastiki. Kinachogombana ni plagi za nyuma, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Mwambie muuza spea akate plagi zikiwa na waya wa urefu wa shibiri moja. Akisita, ongeza hela kidogo, inalipa. Rangi za waya hizo ndizo zitakazomwambia fundi wako wapi moto wa moja kwa moja, wapi moto wa funguo, wapi ethi, wapi waya wa spidi. Bila mkia huo atabaki anagusagusa pini kwa testa, na kwenye mita za aina hii pini moja tu ikipata umeme usioistahili, saketi imeungua. Kisha usikubali plagi za gari lako zikatwe. Unganisha mkia wa mita mpya na plagi ya kike inayopokea ile ya gari, ili siku ukitaka mishale yako uchomoe na kuchomeka. Fundi atakuambia hiyo ni kujisumbua. Mwache aseme, mradi anaunganisha kwa risasi ya kuchomelea na si kwa kusokota na teipu.

Sasa spidi, kwa sababu barabara ya Moshi haina msamaha. Kama mita yako ya zamani inaendeshwa na keboli inayozunguka, ya dijitali haitaielewa, inataka mapigo ya umeme. Wajapani walituwekea kipimo kimoja kizuri: keboli huzunguka mara 637 kwa kila kilomita. Sensa iliyozoeleka ya Toyota hutoa mapigo 4 kwa kila mzunguko, yaani mapigo 2,548 kwa kilomita. Ukipata sensa ya namna hiyo inayoingia kwenye tundu lilelile la giaboksi, na mita inayosubiri mapigo hayohayo, umemaliza. Mita inayotaka mapigo 8 ukiilisha 4 itaonyesha nusu: unasoma 40 kumbe gari liko 80, na mbele yako kuna kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi. Tochi haijui kwamba umebadilisha dashibodi.

Hata ikisoma sawa, tairi zinaweza kukuponza. Ukitoka 185/70R14 kwenda 195/65R15, gurudumu linakuwa kubwa kwa asilimia 3 hivi, na mita ikisema 50 wewe uko karibu na 52. Pima kwa GPS ya simu kwenye kipande kilichonyooka, mwendo usiobadilika. Simu aishike abiria, si wewe.

Mzunguko wa injini ni rahisi zaidi. Silinda sita hutoa mapigo 3 kwa kila mzunguko, silinda nne hutoa 2. Mita ya 1G, injini ya Toyota ya silinda sita, ukiifunga kwenye injini ya silinda nne, mizunguko 3,000 kwa dakika itasomeka 2,000. Haivunji kitu, inaudhi tu.

Mafuta: boya la tanki hufanya kazi kwa ukinzani, na si magari yote yana kipimo kimoja. Usiiamini mita mpaka umeona inavyosoma tanki likiwa karibu tupu na likiwa limejaa, huku dumu la lita tano likiwa kwenye buti.

Joto sifanyii mzaha. Kutoka Moshi, mita 900 hivi juu ya bahari, hadi Arusha kwenye 1,400, kwa jumla unapanda, na ukiwa umepakia injini inachoka. Vijiti vya mita ya dijitali hukaa "kawaida" kwa muda mrefu, na kama sensa ya injini haiendani nayo vitaendelea kukaa hapo hadi gasketi ya silinda hedi ikuarifu yenyewe. Nunua sensa iliyokuwa inalisha mita hiyo, uifunge pamoja nayo. Na kama kuna fundi alishang'oa thamostati, kile kilango kinachodhibiti joto la injini (na baridi ya Julai, jamani!), irudishe kwanza, la sivyo huna joto la kawaida la kulinganisha nalo.

Usisahau taa ya chaji. Kwenye magari mengi ya zamani ile balbu ndogo ndiyo inayopitisha umeme wa kuiamsha oltaneta, ile inayochaji betri. Ukiiacha nje, betri inakufa nawe unailaumu betri.

Kabla ya kulipa, omba mita iwashwe kwa betri. Tarakimu zinazofifia au kupepesa mara nyingi ni kapasita zilizokauka au risasi iliyopasuka kwenye saketi. Inatengenezeka, lakini mpelekee fundi redio. Fundi gari muache na gari lake. Ujue pia kwamba jua la saa saba likipiga dashibodi, hata iliyo nzima husomeka kwa shida.

Wanaotaka skrini kutoka gari la 2015 na kuendelea: zile zinaongea na kompyuta za gari lake kwa mtandao wa CAN, na gari lako halina lugha hiyo. Inawezekana kwa kifaa cha kutafsiri na mtu anayejua programu. Mimi nisingeanza nayo.

Mwisho ni kilomita. Mita uliyonunua imekuja na kilomita za gari la mtu mwingine. Siku ya kubadilisha piga picha mita zote mbili, tarehe ionekane, na uandike namba zote kwenye daftari la sevisi. Atakayenunua gari lako kesho apewe daftari hilo kabla hajauliza.