Usilipe arubuni kabla hujalala chini ya hiyo 240Z

Ndugu uliyeuliza uchukue Datsun 240Z ya 1972 au Nissan 350Z, ukataka kujua na mafuta na spea, halafu ukasema dalali ameshakuwashia ile kongwe na mlio umekukaa moyoni: simama hapo hapo. Mlio ndio ulioniponza mie nilipoinunua 240Z yangu.

Injini nilikuwa naijua vizuri. Silinda sita za mstari, cc 2,393, kabureta mbili, nguvu za farasi kama 150 kwenye gari ya tani moja hivi. Nilijua 240Z ilishinda Safari Rally 1971 na tena 1973, kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki. Nikasema gari iliyovuka yale haishindwi na njia ya Bububu hapa Unguja. Sikuwaza kwamba zile za mashindano hazikulala miaka thelathini kwenye upepo wa bahari.

Dalali aliniambia bodi imepigwa upya. Rangi ilikuwa inang'aa mpaka unajiona uso. Wiki ya pili masika yakaingia, nikatoka Mwanakwerekwe kwenda Mbweni, nikafika miguu imerowa. Nikanyanyua zulia: sakafu nzima faiba na puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bati, juu yake imepakwa lami. Fundi akaweka jeki chini ya reli ya kushoto, ule mhimili wa chini ya sakafu. Jeki ikapanda, gari ikabaki pale pale. Reli ile ni bati lililokunjwa, ndani wazi, na kutu ilikuwa imeila kwa ndani. Tena 240Z haina chesisi ya peke yake kama Land Rover, bodi ndiyo chesisi. Chini ya betri, asidi ilikuwa imedondoka miaka, bati likapukutika kwa kidole.

Kukata na kuchomelea kulikula mara mbili ya bei niliyoinunulia, na miezi kumi na minne gereji. Yule dalali alijua, maana lami haijipaki yenyewe. Aliniapia usoni, na jioni ile ile akala kwetu. Sijamsamehe.

Kwa hiyo sumaku na bisibisi kwanza, ufunguo baadaye. Pitisha sumaku kwenye vizingiti vya milango na mbele ya magurudumu ya nyuma. Isiposhika, hapo pana puti. Nyanyua zulia, ingia chini, chokoa reli kwa bisibisi. Mwenye gari akikataa, ondoka, hata kama injini inaimba.

350Z ina V6 ya lita 3.5, farasi zaidi ya 280, breki za kutegemewa, ila inakaribia tani moja na nusu na barabara huisikii mikononi kama kwenye ile. Nayo ipitishie sumaku.

Hiyo gari iko Mjini au shamba? Kama iko huku Unguja, Jumamosi baada ya alasiri nakuja na sumaku yangu na mkeka wa kulalia chini. Ukiwa ushampa arubuni, mdai leo.