Jamu ya mapera, na lebo za kugonga kwa bamia

Kama ndiyo mara ya kwanza kupika jamu na watoto wako jikoni, anza na mapera. Yana pektini nyingi, na hiyo ndiyo inayoifanya jamu ishike. Nanasi lina kidogo mno. Ukilipika peke yake utaishia na sharubati nzito.

Chukua kilo 1 ya mapera yaliyoiva ila bado magumu kidogo. Yawemo mawili matatu mabichi, maana pektini hupungua kadiri tunda linavyoiva. Yenye nyama nyekundu hutoa rangi nzuri zaidi. Watoto wayaoshe na kuondoa vikonyo, kisha wewe uyakatekate, utie vikombe 2 vya maji na uyachemshe dakika 20 hivi mpaka yabonyee kwa mwiko. Yakishapoa, warudishie kazi: wayapitishe kwenye chekecheke kwa mgongo wa upawa hadi zibaki mbegu tupu. Inachosha mikono, lakini ndiyo watakayoigombania.

Pima rojo. Kila kikombe 1 kinataka robo tatu ya kikombe cha sukari, na kwa kilo nzima kamulia ndimu 2. Tumia sufuria pana ya stenlesi, si ya alumini, kwa sababu ndimu huila, na isizidi nusu kujaa.

Kuanzia hapa watoto wakae mbali na jiko. Rojo lenye sukari hurukaruka, na likikupata hung'ang'ania ngozini. Moto uwe mdogo mpaka sukari iyeyuke yote. Ukiharakisha, jamu itakuja kuwa na chenga kama mchanga. Kisha ongeza moto na ukoroge bila kuacha, kwa mwiko mrefu.

Wakati huo mezani kuna kazi nyingine: lebo za chupa. Kata bamia nene upande wa kikonyo, ufute utelezi kwa kitambaa, uiache ikauke robo saa. Ukiruka hatua hii, utelezi utatandaza rangi na umbo la ua la bamia iliyokatwa halitaonekana. Rangi ni kijiko 1 cha chai cha manjano, kijiko 1 cha unga wa ngano na vijiko 2 vya maji. Gawa mara mbili, na fungu moja litie baking soda kidogo: manjano yatageuka mekundu mbele ya macho yao. Watoto wachovye bamia, waigonge kwanza kwenye gazeti kuondoa rangi ya ziada, kisha kwenye karatasi ya lebo. Wavae nguo za kuchezea, manjano hayatoki. Pia hupauka juani, kwa hiyo chupa zikae kabatini.

Kujua kama jamu iko tayari, weka kisahani kwenye friza mapema. Zima moto, dondoshea jamu kidogo, subiri dakika 1, uisukume kwa kidole. Ikijikunja juu, tayari. Ikitiririka, washa tena dakika 3 na upime upya. Usisubiri iwe nzito ndani ya sufuria, kwani huzidi kushika ikipoa, na iliyopitiliza hukatwa kwa kisu.

Chupa za vioo zichemshwe dakika 10 na zijazwe zikiwa za moto. Kioo baridi kikikutana na jamu ya moto hupasuka. Acha nusu sentimita juu, futa mdomo wa chupa, funga. Kisha zichemshe zikiwa zimefunikwa na maji kabisa, dakika 10 kwa Dar es Salaam au Mombasa, 15 kwa Nairobi au Arusha, ambako maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Kifuniko chenye kutu au mpira uliochakaa kitupe. Ukungu mara nyingi huingilia hapo, na jamu iliyoota ukungu humwagwa yote, haikwanguliwi juu tu.

Lebo zibandikwe kesho yake, kwenye chupa baridi na kavu. Gundi ni vijiko 2 vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji, ipikwe mpaka iwe uji mzito. Kwa kofia ya kitenge, chora duara linalozidi kifuniko kwa sentimita 3 pande zote, na ufunge kwa ukindu uliolowekwa dakika 10. Mkavu hukatika kwenye fundo. Tarehe iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huvuja kwenye gundi mbichi.