Muulize Wakili: "Shemeji anataka nisaini nichukue laki moja na nusu"

SWALI: Dada wakili salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu niko huku Mariakani. Mume wangu alikuwa fundi wa mjengo, mwaka jana akitoka kazini Mazeras amepanda bodaboda treila ikawagonga, yeye akafa palepale na mwenye boda akavunjika mguu. Alikuwa na miaka 36. Sasa imepita miezi 14. Juzi kuna mtu amekuja na makaratasi anasema ametumwa na bima, nikisaini napewa 150,000, na aliyemleta ni shemeji yangu, anasema yeye ndiye kaka wa marehemu kwa hivyo pesa atapokea yeye. Ndoa yetu haina cheti, mahari ilitolewa tu. Mume wangu hakuwa na payslip, alikuwa analipwa kila Jumamosi. Na wakili sina pesa ya kumlipa. Nimeshachelewa ama?

JIBU: Pole sana mama watoto. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla sijasema lingine lolote, tafadhali usisaini kitu. Makaratasi ya aina hiyo nimeyaona mengi, ukisoma pale chini karibu na mahali pa sahihi kuna maneno "malipo kamili na ya mwisho", yaani ukishaweka kidole hapo bima imemalizana na wewe, hata watoto wakirudishwa nyumbani kwa karo huna pa kurudi kudai. Mwambie akuachie kopi ukaonyeshe mtu anayejua sheria. Akikataa kuiacha, jua kuna kitu.

Hujachelewa. Sheria ya Kenya ya ajali za vifo inakupa miaka 3 tangu siku aliyofariki kwa hivyo una kama mwaka mmoja na miezi 10 mbele yako, lakini usikae, manake mashahidi wanahama na malori yanauzwa. Na kwa wasomaji wengine, kama gari lililogonga ni la serikali hesabu yenu ni mwaka 1 tu, kimbieni.

Sasa shemeji. Hiyo sheria imetaja watu ambao fidia inadaiwa kwa ajili yao: mke au mume, wazazi, na watoto. Kaka hayumo. Wakwe zako wakiwa hai wana fungu lao na hilo usiwanyime, tena ni vizuri mkae nao mapema muelewane kabla huyu mtu hajawagawanya, lakini mgawo wenyewe ni mahakama inaamua si shemeji. Cheti cha ndoa kisikutishe. Nenda kwa chifu akuandikie barua inayokutambua kuwa mke wa marehemu na kuwataja watoto wote, halafu uwe na vyeti vyao vya kuzaliwa.

Ngoja nikuonyeshe kwa nini 150,000 inaniuma. Mahakama inachukua mapato ya mwezi, inazidisha kwa 12, halafu kwa miaka ambayo marehemu angeendelea kufanya kazi, halafu inatoa ile sehemu angetumia mwenyewe, na kwa mtu mwenye mke na watoto kawaida familia inahesabiwa theluthi mbili. Tuseme alikuwa anapata 20,000 kwa mwezi na hakimu akakubali miaka 20. Hiyo ni 20,000 mara 12 mara 20, theluthi mbili yake ni shilingi 3,200,000. Bado gharama za mazishi, weka risiti. Hakimu anaweza kupunguza, kwa mfano akiona mwenye boda naye alikuwa na makosa, lakini hata akikata nusu linganisha na kile ulicholetewa mlangoni. Bima yenyewe kisheria mwisho wake ni milioni 3 kwa mtu mmoja, kinachozidi anadaiwa mwenye treila.

Payslip si lazima. Yule mkandarasi wa Mazeras anaweza kuja kusema alikuwa anamlipa ngapi, na statementi ya M-Pesa ya marehemu ni ushahidi mzuri sana kama pesa za Jumamosi zilikuwa zinaingia huko. Ikikosekana yote, mahakama mara nyingi hutumia kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali.

Kusanya abstrakti ya polisi (ile fomu yao ya kuthibitisha ajali), cheti cha kifo, ripoti ya upasuaji wa maiti. Tafuta nani alipiga picha siku ile manake mara nyingi kuna kijana amepiga picha ya kioo cha mbele cha treila na stika ya bima inaonekana na namba yake. Uliza pia pale polisi kama dereva alishtakiwa, akiwa alipatikana na hatia nakala ya hukumu hiyo inabeba kesi yako nusu ya njia. Halafu wakili atakuombea barua za usimamizi, yaani idhini ya mahakama ya kusimamia mambo ya marehemu, ili uweze kushtaki kwa niaba ya marehemu.

Wakili bila pesa: Mombasa kuna mashirika ya msaada wa kisheria, Kituo Cha Sheria na FIDA (la mawakili wanawake), nenda uwaone, na serikali ina huduma ya msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2016. Unaweza pia kuomba mahakama ikuruhusu kushtaki bila kulipa ada. Ukimpata wakili binafsi angalia jina lake kwa tovuti ya Chama cha Mawakili kama ana leseni ya mwaka huu, na akikwambia mkishinda anachukua asilimia fulani na mkishindwa hakuna deni, sheria ya mawakili haikubali mapatano hayo. Muulize pia kama bima ameshaiandikia notisi kuhusu kesi na akuonyeshe kopi, manake bila notisi kwa wakati bima inaweza kukataa kulipa hata ukishinda.

SWALI: Ndugu yangu ameanguka kwa jengo akiwa kazini akafa, mwajiri anasema ni ajali tu hana deni. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na pole kaka. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inalipa familia mshahara wa miezi 96 mtu akifa kazini, na huhitaji kuonyesha mwajiri alikosea. Peleka madai ofisi ya usalama na afya kazini ya kaunti yako kabla miezi 12 haijaisha tangu kifo, na barua mtakayopeleka hakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa, ubaki na kopi.