Ukienda Kutazama Sokwe, Fika Kabla ya Chakula

Sokwe mkubwa wa kwanza niliyemkaribia alinitemea maji. Si mate, ni maji. Alikuwa ameyaficha mdomoni muda wote nilipokuwa nikisogea, uso umetulia kama hajui lolote, akangoja nifike pale alipotaka, kisha akanimwagia yote kifuani. Wahudumu walicheka mpaka wakashika magoti. Kumbe kila mgeni hukaribishwa hivyo, na wote walijua isipokuwa mimi.

Nilikaa pale miezi kadhaa nikijitolea. Kilikuwa kituo cha sokwe mtu yatima, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuosha ndoo, kukata matunda na kusafisha vyumba wanamolala. Muda uliobaki nilikaa nje ya uzio na daftari langu. Watu wakisikia hayo huniuliza mambo mawili: je, ulimpakata mtoto wa sokwe? Na je, ni saa ngapi nzuri kwenda kuwaona? La kwanza nitalijibu mbele. La pili jibu lake ni fupi: fika nusu saa kabla hawajalishwa.

Najua wageni wengi hufuata saa ya chakula yenyewe. Kuna makelele, matunda yanarushwa juu ya uzio, kila mmoja anadaka lake, na picha hazikosekani. Lakini sokwe anayekula ni kama yeyote anayekula, ameinamia chake na hana habari na mwenzake. Mambo yako kwenye ile nusu saa ya kabla. Wameshasikia ndoo zikigongana huko jikoni. Wanajua kinachokuja, na wanajua pia kwamba chakula huleta ugomvi. Ungedhani wangekaa wakiviziana. Wapi! Hapo ndipo wanapokimbizana, kutekenyana na kuchambuana manyoya kuliko saa nyingine yoyote. Mwanzoni nilidhani macho yangu yananidanganya, mpaka nikakuta utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu sokwe wanaotunzwa na binadamu, ukieleza jambo hilo hilo: mchezo na kuchambuana huongezeka kabla ya chakula, kana kwamba wanapoozana mioyo kabla ya kugombea.

Ushauri wa pili nilipewa na mlezi mkuu wa kituo, mzee ambaye wote tulimwita Mzee tu. Siku ya tatu aliniona nikigeuza shingo huku na huku, daftari limejaa mishale na alama za kuuliza. Akaniambia, "Mwanangu, ukiwatazama wote hutamwona hata mmoja. Chagua wako." Baadaye nilijifunza kwamba wataalamu nao hufanya vivyo hivyo: unamfuata mnyama mmoja kwa muda uliopangwa, unaandika kila anachofanya, ndipo unahamia kwa mwingine. Mtafiti wa tabia za wanyama, Jeanne Altmann, aliieleza njia hiyo vizuri mwaka 1974 na hadi leo inatumika. Mzee hakuwahi kumsoma Altmann. Alikuwa amekaa na sokwe tu.

Nikamchagua jike mmoja wa makamo ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika nusu. Katika daftari langu aliitwa Kisikio. Hakuwa na cheo kikubwa wala hakuwa mchangamfu, ndiyo maana wageni hawakumtazama. Kwangu hilo lilikuwa bahati.

Siku yake ilianza polepole. Mlango ukifunguliwa asubuhi, madume hutoka kwa vishindo, manyoya yamesimama, wakiburuta matawi na kupiga mateke chochote kinachotoa sauti. Huko kujitutumua huwatisha wageni sana, lakini mara nyingi huishia hapo hapo. Kisikio alingoja vumbi litue, ndipo akatoka, akamwendea dume kinara akiwa ameinama, akitoa mlio mdogo wa kuhema, na kumnyooshea mkono. Akishaguswa, basi, ruhusa imepatikana. Baada ya hapo ni kuchambuana manyoya, saa nzima pengine, vidole vikipekua na midomo ikitoa sauti ya kugonga-gonga. Usiiruke sehemu hiyo kwa kuona inachosha. Andika nani anamchambua nani, maana ndani ya wiki moja utajua nani ni rafiki ya nani, na mchezo wa alasiri hautakuwa fumbo tena.

Alasiri, baada ya usingizi wa mchana, alikuja dume mdogo wa miaka kama mitano na gunia lake. Gunia kuukuu, limetoboka. Alilivuta mbele ya Kisikio akichechemea kwa makusudi, akajitupa chali, akainua mguu mmoja na kumtazama. Yule mama wa watu akajifanya haoni. Mtoto akarudi, safari hii akimgusa bega na gunia kisha kukimbia hatua tatu na kugeuka. Mara ya nne Kisikio alinyosha mkono taratibu, kama mtu anayeokota kitu chake, akashika upande wa pili. Wakavutana.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Watu hupenda kusema sokwe ana nguvu za watu watano, sijui wanane. Hesabu ya utafiti wa mwaka 2017 ni ndogo zaidi: misuli ya sokwe ina nguvu takriban mara moja na theluthi ya misuli ya binadamu. Bado jike mzima angeweza kumrusha yule mtoto pamoja na gunia lake mpaka upande wa pili wa uzio. Hakufanya hivyo. Alivuta kiasi cha kumfanya mtoto aegemee nyuma, akalegeza, akavuta tena, halafu akaachia ghafla mtoto akabingirika, akacheka. Mara mbili Kisikio alijiangusha mwenyewe, akaruhusu apandwe tumboni na kung'atwa shingo. Mkubwa anayejipunguzia nguvu ili mdogo aendelee kucheza: ukishaliona hilo mara moja, utalitafuta kila siku.

Nimesema alicheka, na sikukosea neno. Sokwe hucheka. Ila kicheko chao ni kuhema: sauti hutoka pumzi ikiingia na ikitoka, wakati sisi hucheka zaidi pumzi ikitoka. Kwa mbali utadhani ni mtu anakata mbao kwa msumeno mdogo.

Na hapa nikiri kosa langu. Katika wiki ya pili nilipewa kundi la watoto wa shule niwatembeze. Dume mmoja kijana akaja mbele yetu, midomo imetanda, meno ya juu na ya chini yote nje. Nikawaambia watoto kwa furaha, "Mnaona? Anatucheka!" Watoto wakaanza kumwonyesha meno yao. Mzee alikuwa nyuma yangu. Hakunikemea mbele yao. Aliwasogeza watoto upande mwingine polepole, akiwahadithia kitu, kisha akanivuta kando. "Yule anaogopa," akasema. "Tazama nyuma yake." Nyuma, hatua chache, dume kinara alikuwa amekaa, manyoya yamesimama mabegani.

Basi shika hili: meno yote yakiwa nje, hiyo ni hofu. Uso wa mchezo ni mdomo uliolegea na kufunguka, taya la chini limeshuka, mdomo wa juu umefunika meno ya juu. Na wewe mwenyewe, ukiwa mbele yao, tabasamu mdomo umefungwa. Zile picha za kadi zenye sokwe "anayetabasamu" hunichefua tangu siku ile.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na kwao ni hivyo hivyo. Yule mtoto wa gunia alipenda kuzidisha. Siku moja alimvuta mwenzake mguu kwa nguvu, mwenzake akapiga yowe, wakubwa wawili wakaingilia, na kwa sekunde kumi ikawa vumbi na mayowe tu. Wageni waliokuwepo walipiga picha, vumbi likatulia, wakaondoka. Walikosa lililokuwa na thamani. Baada ya dakika kama nne, mmoja wa waliogombana alimwendea mwenzake mkono umenyooshwa, wakakumbatiana, wakabusiana mdomo kwa mdomo, wakaanza kuchambuana. Mtafiti Frans de Waal ndiye aliyelifanya jambo hilo lijulikane, kwa sokwe aliowatazama katika bustani ya wanyama ya Arnhem, Uholanzi, miaka ya 1970. Kwa hiyo ugomvi ukiisha, kaa. Usipokaa utarudi nyumbani ukidhani sokwe ni wagomvi tu.

Wana na mitindo yao. Huko Chimfunshi, kituo cha sokwe waliookolewa nchini Zambia, jike aliyeitwa Julie alianza kutembea na unyasi umechomekwa sikioni, bila faida yoyote inayoonekana, na wenzake wa kundi lake wakaiga. Baada ya yeye kufa, baadhi waliendelea nao. Na katika msitu wa Kibale, Uganda, majike wadogo wameonekana wakibeba vijiti kama tunavyobeba wanasesere. Ukiona sokwe amevaa jani kichwani, usiharakishe kutafuta maana.

Lakini si wote wanaofika wakijua kucheza. Watoto wengi wa vituo hivi walichukuliwa baada ya mama zao kuuawa, na mama sokwe hamwachii mtu mtoto wake kwa hiari. Wakifika huwekwa karantini, wanachunguzwa, wananyonyeshwa kwa chupa. Nilimwona mmoja aliyekaa siku nyingi akijikumbatia na kuyumba mbele na nyuma, mbele na nyuma, macho hayapo. Porini mtoto hunyonya miaka minne hadi mitano na hukaa karibu na mama miaka mingi zaidi. Kule Gombe, Tanzania, ambako Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960, sokwe aliyeitwa Flint alikuwa na umri wa miaka minane mama yake Flo alipokufa mwaka 1972. Akaacha kula, akajikunyata, na wiki chache baadaye akafa naye. Kwa hiyo walezi wa kituo walihesabu uzito na joto la yule mdogo kama ilivyopasa, lakini kila asubuhi swali lao la kwanza lilikuwa jingine: amecheza? Mlezi wake alimtekenya kwapani kila siku bila majibu. Siku aliyohema kile kicheko cha msumeno, mpishi aliacha masufuria akaja kusikiliza.

Sasa lile swali la kumpakata. Hapana, sikumpakata, wala wewe usitafute mahali pa kukuruhusu. Walezi wachache maalumu humbeba mtoto kwa sababu bila mwili wa kushikilia atakufa. Mgeni anambeba kwa ajili ya picha, na picha ile ikisambaa kuna mtu mahali fulani atasema naye anataka wa kwake. Ukifika mahali wanapokupa sokwe mdogo wa kupiga naye picha, wanapowavisha nguo, au wanapowazalisha ili pasikosekane watoto wa kuonyesha, geuza njia. Vituo vya kweli hufunga uzazi kwa majike wao, maana nafasi ni finyu, wanaohitaji kuokolewa hawakomi kuja, na sokwe mmoja anaweza kuishi miaka 50 au zaidi. Hicho ni kigezo changu cha kwanza, na sijaona kikinidanganya.

Kigezo cha pili ni mafua. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa sokwe, mgeni akija na kikohozi, mwenyeji huenda asipone kabisa. Mwaka 2013 katika kundi moja la Kibale, kirusi cha mafua ya binadamu kiliua sokwe 5 kati ya 56. Kwetu ni leso na maji ya moto, siku tatu umepona. Kituo kisichokuuliza kama unaumwa, kisichokupa barakoa wala kukupangia umbali wa kusimama, kina walakini. Na ukiamka na kamasi siku ya safari, ahirisha. Najua umelipa. Ahirisha.

Vya kubeba ni vichache: darubini ndogo, daftari, nguo ambayo hutajali ikilowa (nimeshakueleza kwa nini). Simu iache mfukoni dakika kumi na tano za mwanzo, maana sokwe wakishazoea kwamba umekaa na hurushi kitu wala huiti, hurudi kwenye shughuli zao, na hizo ndizo ulizozifuata.

Wakikuruhusu, baki mpaka jioni wanaporudi ndani. Wengi huingia wenyewe, wanapanga nyasi zao za kulalia, Kisikio akipanga vibaya kuliko wote. Yule mdogo wa gunia hakuwahi kuingia kwa amri. Alifika mlangoni, akachungulia, akarudi nje mbio na gunia kichwani, akaja tena, mguu mmoja ndani. Mimi, tumbo likiniuma kwa njaa, nilikuwa nimeshika mnyororo wa mlango nikitamani kuufunga. Mzee alivuta ndoo, akaigeuza chini juu, akaikalia.

"Mwache," akasema. "Hajamaliza."