Poti ya 50000 hunigomea asubuhi nyingine

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Njoro, Kaunti ya Nakuru. Nimekiandikia chama chetu cha ushirika programu inayopokea uzito wa maziwa kutoka kwenye mizani na kuuhifadhi katika seva. Nilianza na poti (nambari ya mlango ambao programu hupokelea mawasiliano) ya 8080, nikakuta programu ya mhasibu imekwisha kuishika, nikahamia 50000. Siku nyingi mambo huenda vyema, lakini asubuhi nyingine programu hukataa kuanza, ikidai kwamba poti inatumika, ilhali sijaweka kitu kingine hapo. Nambari hizi hugawanywa na nani, nami nichague ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, tatizo limo katika nambari uliyochagua. Nambari za poti ni 65,536, kuanzia 0 hadi 65535, na sajili yake hutunzwa na IANA, shirika linaloratibu nambari za intaneti. Zile za 0 hadi 1023 ni za huduma za msingi, kama wavuti katika 80 na 443. Za 1024 hadi 49151 husajiliwa kwa maombi, na hata 8080 imo humo kama poti mbadala ya wavuti, ndiyo maana wengi huigombania. Kuanzia 49152 hadi mwisho hazisajiliwi kwa yeyote, kwa kuwa zimeachiwa mifumo endeshi izikopeshe programu kwa muda. Programu yoyote ya seva hiyo inapofungua mawasiliano na kompyuta nyingine, mfumo waweza kuikopesha 50000, na yako ikianza baadaye hukuta nafasi imejaa. Mfumo endeshi wa Linux kwa kawaida hukopesha kuanzia 32768 hadi 60999, hivyo hata 40000 isingekufaa.

Tafuta nambari iliyo kati ya 1024 na 32767 ambayo haimo katika sajili ya IANA, kisha uiweke katika faili ya mipangilio, usiifungie ndani ya msimbo, kwa maana mfugaji aliyefika alfajiri na mitungi yake hawezi kusubiri programu iandikwe upya.

Kwa matumizi ya chama kimoja huhitaji kusajili. Lakini ikiwa unakusudia programu za watu wengine ziwasiliane na yako, peleka ombi IANA, halilipiwi. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Ufini aliomba hivyo hivyo kwa ajili ya SSH, njia salama ya kuingia katika kompyuta ya mbali, akapewa 22, iliyokuwa wazi kati ya 21 ya FTP (ya kuhamisha faili) na 23 ya telnet (ya kuingia katika kompyuta ya mbali bila usiri). Katika ombi lako, eleza itifaki yako, yaani kanuni ambazo programu hufuata katika kuwasiliana, kwa ukamilifu, na uombe poti moja tu.