Oili inavuja kwenye gari lako la zamani? Anza kutafuta juu

Ukinunua gari la zamani hapa Mwanza, iwe Corolla ya miaka ya 90, Carina au Mark II, kuna asubuhi utalitoa ulipoegesha na kukuta madoa meusi chini. Usiogope, na usikimbilie duka la spea. Kwenye injini ya umri huo, mara nyingi ni gasketi (kile kipande kinachoziba kati ya vyuma viwili) au sili ya mpira iliyokauka kwa joto la miaka mingi, na kazi nyingi za aina hii zinafanyika nyumbani kwa spana za kawaida. Pesa ya watu wengi haiishii kwenye gasketi. Inaishia kwenye kubadilisha kifaa ambacho hakikuwa kinavuja.

Shika hili kwanza: oili inadondoka chini, lakini inatokea juu. Ikishatoka inateremka ubavuni mwa injini, upepo wa mwendo unaisukuma nyuma, inafika kwenye sampo, lile bakuli la oili chini kabisa ya injini, na kudondokea hapo. Halafu kuna vilima vyetu. Ukiegesha Bugando au Mabatini, gari linalala limeinama upande mmoja usiku kucha, na tone litaanguka mbali na linapotoka. Tafuta mahali tambarare, tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini na uliache hadi asubuhi. Angalia rangi pia. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi. Nyekundu huenda ni ya gia boksi otomatiki au ya pawa stearingi, na hiyo ni habari nyingine.

Kisha safisha injini, ikiwa imepoa. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo yenye jibu. Futa uchafu mzito kwa tambara, sugua kwa brashi na sabuni, funika distributa na alteneta maji yasiingie. Fanyia nyumbani, usipeleke gari ziwani. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo wa ziwa ndani ya mita 60, na maji tunayokunywa mjini yanavutwa ziwani humo humo. Injini ikikauka, nyunyiza poda ya watoto kwenye sehemu unazozishuku. Endesha mpaka Igoma na kurudi, fungua boneti, chukua tochi. Poda itakuwa imechorwa mstari mweusi. Fuata mstari huo kwenda juu mpaka unapoishia. Hapo ndipo panapovuja.

Mara nyingi sana utaishia kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu kabisa cha injini. Kuna jirani kijana wa Nyegezi aliambiwa sili ya nyuma ya krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, imekufa na lazima gia boksi ishuke. Tulisafisha, tukaweka poda, na mstari ukapanda moja kwa moja hadi kona ya nyuma ya tapeti kava. Oili ilikuwa inashuka pale injini inapokutana na gia boksi, mahali palepale ambapo sili ya krenki ingevujia. Kwa hiyo ukiambiwa krenki, omba kwanza uoneshwe kona ile ikiwa kavu.

Kubadilisha gasketi ya tapeti kava ni kazi nzuri ya kuanzia. Injini iwe baridi. Weka alama kwenye waya za plagi kabla ya kuzichomoa ili zisibadilishane nafasi. Toa mipira iliyounganishwa, fungua nati, kwa Toyota nyingi ni spana namba 10, na uzifungue kidogo kidogo kutoka nje kuja katikati. Kava likigoma, ligonge taratibu pembeni kwa mpini wa nyundo. Usiingize bisibisi kuliinua, kwa sababu ukikwaruza aluminiamu umetengeneza njia mpya ya oili. Gasketi ya zamani itatoka ngumu, inavunjika mkononi kama biskuti. Futa mfereji wake na uso wa injini mpaka uwe mkavu kabisa, huku ukilinda usidondoshe kitu ndani. Ukikuta oili kwenye mashimo ya plagi, badilisha na zile sili za mashimo papo hapo, la sivyo injini itaanza kukosa moto na utafungua tena.

Gundi ya silikoni ni jambo la kuwa nalo makini kuliko yote. Injini nyingi zinahitaji tone dogo tu kwenye kona, pale kishikio cha kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kinapokutana na hedi, yaani sehemu ya juu ya injini iliyo chini ya tapeti kava. Gasketi ya mpira haitaki kupakwa mzunguko mzima. Silikoni iliyozidi hujikunja kwa ndani, ikikatika inaanguka kwenye sampo, na inaweza kuziba chujio la pampu ya oili. Injini ikikosa oili inanoki. Funga nati kuanzia katikati kwenda nje, kwa zamu. Nguvu inayotakiwa ni ndogo, kwa injini nyingi ndogo haifiki Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani mkono mfupi wa spana bila kuegemea. Kukaza zaidi kunapinda kava au kukata bolti, na halitaacha kuvuja.

Kabla ya kufunga boneti, angalia valvu ya kupumulia injini. Ikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili kwenye kila sili dhaifu. Iliyo nzuri kwa kawaida inalia ukiitikisa. Ukibadilisha gasketi ukaiacha imeziba, utarudi hapohapo.

Filta na nati ya kumwagia oili ni rahisi. Filta mpya paka oili kwenye mpira wake, hakikisha mpira wa zamani haukubaki umeganda kwenye injini, kisha kaza kwa mkono. Nati ya sampo ibadilishie washa yake. Swichi ya presha ya oili nayo hupasuka na kuvuja; ni ndogo, ni rahisi, na husahaulika.

Ukilazimika kuingia chini ya gari, jeki ni ya kuinulia tu. Weka stendi mahali pagumu na tambarare, na mawe kwenye matairi ya upande wa pili. Tofali la bloku linapasuka bila kukupa taarifa. Ikionekana kweli ni sili ya nyuma ya krenki, au oili imeloesha belti ya taimingi, mpelekee fundi mwenye vifaa. Na ukiona taa nyekundu ya oili inawaka ukiwa barabarani, simama pembeni mahali salama na uzime injini hapohapo.

Oili chakavu iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke gereji inayokusanya. Isimwagwe mtaroni, kwa sababu mitaro ya katikati ya mji inaishia mto Mirongo, na Mirongo inaishia ziwani.

Wiki ya kwanza, pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa tambarare. Kati ya alama mbili za dipstiki, kwenye magari mengi, kuna kama lita 1. Jaza mpaka chini kidogo ya alama ya juu, usivuke, na upitishe kitambaa cheupe kwenye ukingo wa kava uone kama kinatoka kisafi.