Mume wangu hali viporo, nitaandaaje chakula cha wiki nzima?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, watoto wawili, naishi Mbagala na nafanya kazi ya keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku nikiwa hoi. Mchana nakula zege na soda kwa sababu ndicho kilicho jirani. Mwezi uliopita nilipima afya, presha ikasoma 148 kwa 92, na sukari kabla ya kula 6.4. Daktari hakunipa dawa, aliniambia nibadili ulaji halafu nirudi. Nikanunua ratiba ya dayati kwa shilingi 30,000 kwa dada mmoja wa mtandaoni. Inataka nipike Jumapili chakula cha wiki nzima, nigawe kwenye makopo, niweke kwenye friji. Mume wangu akasema yeye hali viporo. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akasema nimeanza maringo, na nikikonda majirani watasema nimeathirika. Kufika Alhamisi chakula kilikuwa kimechacha, nikamwaga. Sasa napika vyungu viwili kila usiku, chao na changu, na nimechoka kuliko mwanzo. Niache tu? Mama Nuru.*

Marahaba, Mama Nuru. Kubadili ulaji usiache. Kitu cha kuacha ni hiyo ratiba, na hicho chungu cha pili, kuanzia leo usiku.

Ratiba nimeisoma, maana uliiambatanisha. Samaki wa salmoni, brokoli, mbegu za chia, mkate wa ngano nzima na jibini. Huyo dada aliyekuuzia hajawahi kuingia soko la Rangi Tatu. Pale kuna mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mnafu, bamia, kunde, choroko, dengu, dagaa na samaki wabichi wa Feri. Mtu anayekupangia mlo akavipita vyote hivyo amekuuzia picha. Pesa imekwenda, usiilie.

Tuzungumzie namba zako kwanza, kwa sababu naona umezitaja harakaharaka kama mtu anayeona aibu. Presha huitwa ya juu inapofika 140 kwa 90, na yako imeshapita hapo, ingawa kipimo cha siku moja hakitoshi kukuhukumu, ndiyo maana ukaambiwa urudi. Sukari ya 6.4 kabla ya kula si kisukari, maana chenyewe huanzia 7.0, lakini imeshavuka ya kawaida. Kwa hiyo daktari hakukudharau kwa kutokukupa dawa. Amekupa muda. Na muda huo hauhitaji ukonde ghafla. Unahitaji chumvi ipungue, soda iondoke, wanga upungue kwenye sahani na mboga iongezeke. Basi.

Sasa Baba Nuru na viporo vyake. Nitakuudhi kidogo: ana hoja. Wewe mwenyewe unasema Alhamisi ulimwaga. Chakula kilichopikwa Jumapili, tena kwenye friji dogo linalofunguliwa na watoto kila dakika, kisifikishe Alhamisi. Siku 3 ndiyo mwisho wake, na hapo friji liwe na baridi ya kweli, chini ya nyuzi 5. Umeme ukikatika usilifungue kabisa. Likiwa limefungwa linahimili kama saa 4, baada ya hapo anza kukagua.

Kibaya zaidi ni wali. Najua nyumba nyingi za Pwani kiporo cha wali ndicho chai ya asubuhi, na ni kitamu, sibishi. Lakini ule wali unaolala usiku kucha jikoni chini ya mfuniko, kwa joto la Dar, ni hatari. Mchele una vimelea ambavyo mbegu zake hazifi hata ukichemka. Wali ukikaa na uvuguvugu vinaamka, vinazaana na kuacha sumu, na baadhi ya sumu hiyo haiondoki hata ukipasha mpaka ukoko uungue. Wali unaotaka kuuweka utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa 2, uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu na utoke moshi. Huwezi hayo, pika wa kuliwa uishe.

Kwa hiyo usimpikie mume wako kiporo. Mwandalie vitu vya kupikia. Jumapili hupiki chakula cha Jumatano, unafanya zile kazi ndefu zinazokukalisha jikoni mpaka saa 4 usiku, halafu kila jioni unamalizia kwa dakika 20, chakula kinatoka jikoni kinafuka moshi, na hakuna wa kukiita kiporo. Anayejua kilichokuwa kwenye friza ni wewe.

Kazi ndefu ni mbili. Ya kwanza ni maharage. Mtu anayerudi saa 2 usiku hawezi kuinjika maharage, ndiyo maana unaishia kukaanga mayai au kutuma mtoto chipsi. Jumamosi usiku chagua kilo moja na nusu, loweka kwenye maji mengi. Asubuhi yamwage hayo maji, weka mengine, chemsha kwa moto mkali kwanza, kisha yaache yaive taratibu mpaka ukibonyeza moja kwa vidole linapondeka bila kubishana. Usiweke chumvi wala kitu. Kama una jiko la umeme la presha, bora zaidi, units zinazokwenda ni chache kuliko unavyoogopa. Yakipoa gawa kwenye makopo ya aiskrimu, kila kopo mlo mmoja wa familia, andika tarehe juu, weka kwenye friza. Yakiwa yameganda Alhamisi si tatizo tena, wala wiki ya pili. Wiki hii maharage, wiki ijayo kunde au choroko.

Ya pili ni rosti ya nyanya. Vitunguu, nyanya, karoti, hoho, kitunguu saumu, tangawizi. Hapa mafuta yapimwe kwa kijiko, siyo kwa macho. Vijiko 4 vya chakula vinatosha sufuria nzima ya nyanya. Iache ichemke mpaka nyanya ziachane na maji yake na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Ikipoa, funga kwenye vifuko vidogo, kimoja kwa pishi moja, igandishe. Jumanne ukifika nyumbani kifuko kimoja na kopo moja la maharage vinaingia sufuria moja, wakati huo ugali unasongwa jiko la pili. Jumatano kifuko kingine kama hicho kinapokea samaki. Ukiwa na nafasi, pika pia kisamvu. Kile hupenda kupikwa muda mrefu na kinagandishika vizuri kuliko mboga zote, weka karanga badala ya tui zito. Mchicha na matembele usiyapike mapema. Yachambue, osha, yakaushe kwenye kitambaa, weka kwenye friji bila kukata. Kukata na kupika ni dakika 10.

Usianze na zaidi ya hayo. Ulijiua wiki ya kwanza kwa kutaka makopo 20 yaliyopangika kama ya kwenye picha.

Na kwa nini upike peke yako? Nuru ana miaka 13, kuchagua maharage na kumenya vitunguu saumu ni saizi yake. Mama mkwe wako, kama anaweza kukaa kwenye kigoda akasema umeanza maringo, anaweza kukaa kwenye kigoda hicho hicho akichambua kisamvu. Mpe kazi hiyo kwa heshima, mwombe akuonyeshe wao walivyokuwa wakipika zamani. Sikutanii. Wazee wetu wengi walikula mlenda, mtama na mbogamboga bila lundo la mafuta, na ukimwambia unataka kurudia mapishi yake utamsikia akibadili wimbo kabla ya mwezi kwisha. Neno dayati lisitoke tena kinywani mwako humo ndani. Umepika chakula, watu wanakula.

Chumvi ndiyo itakuletea kelele kwa wiki mbili za kwanza. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa iliyo kwenye vyakula vyote. Wewe unamwaga chumvi kwenye mboga, halafu unavunjia vile vidonge vya kuongeza ladha, ambavyo navyo vimejaa chumvi, halafu mezani kuna kikopo. Anza kwa kuondoa vidonge. Wiki inayofuata toa kikopo mezani, ukiulizwa sema kimemwagika. Ndimu, pilipili, binzari na tangawizi vitaziba pengo. Dagaa wakavu waloweke kwenye maji ya moto, wasuuze mara mbili kabla ya kupika. Ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, waache wapumzike kwa sasa.

Ugali nao. Dona ni bora kuliko sembe, lakini wanaume wengi wa umri wa Baba Nuru dona linawakumbusha bweni na wadudu wake, usianzishe vita hiyo. Changanya nusu kwa nusu. Akilalamika, songa sembe yako ileile na punguza kwenye sahani yako tu: mboga za majani zichukue nusu ya sahani, maharage au samaki robo, ugali robo. Hapo mnakula chungu kimoja, na hakuna aliyepangiwa chochote. Watoto wale washibe, hao hawana presha.

Mchana Kariakoo usijitese kubeba chakula. Kutoka saa 11 alfajiri mpaka saa 7 mchana ndani ya mkoba wenye joto, hicho nacho ni kiporo kinachokwenda kazini. Beba vitu visivyochacha upesi: mayai mawili ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, parachichi, karanga zisizo na chumvi. Hivyo ni kifungua kinywa badala ya vitumbua. Mchana nenda kwa mama ntilie, achana na banda la chipsi. Mwambie wazi: wali kidogo, maharage, mboga niongezee, usinimwagie mafuta ya juu. Akikuzoea siku ya tatu hutasema tena. Kinywaji ni maji. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi, jaza vijiko vya chai karibu 9 kwenye sahani uviangalie. Juisi ya miwa usinidanganye kuwa ni tunda.

Limebaki hili la majirani, na naona ndilo lililokufanya uandike, kwa sababu mengine yote ungeweza kuyauliza hata mtandaoni. Huko kwetu mwanamke akinenepa mume anasifiwa, akipungua kila mtu anakuwa daktari. Hutawazuia. Ila mtu wa kwanza kukutetea ni Baba Nuru, na huyo sidhani kama ameiona karatasi yako. Ulimwambia umeanza dayati, hukumwambia 148 kwa 92. Mwanaume akisikia dayati anasikia urembo, anajiuliza unajirembea nani. Kaa naye siku watoto wamelala, mwekee karatasi mbele, mwambie, "Baba Nuru, daktari kanipa muda kabla ya dawa, nataka unisaidie." Usiseme zaidi ya hapo. Usimfundishe lishe. Mwachie kazi moja: Jumamosi alete maharage, nyanya na vitunguu kutoka sokoni. Mwanaume akinunua mwenyewe hakatai kula. Na mama yake akianza tena, ajibu yeye, siyo wewe.

Akikataa hata baada ya kuiona karatasi, niandikie tena, maana hapo tutakuwa hatuzungumzii maharage.

Siku ya kurudi hospitali nenda asubuhi bila kula kitu tangu usiku, kwa ajili ya sukari. Usinywe kahawa njiani. Ukifika usikimbilie mashine ya presha ukiwa bado unahema kutoka kwenye daladala, kaa kwenye benchi dakika 5, miguu chini, usiongee, ndipo wakufunge mkono. Na Baba Nuru mchukue muende wote naye apime, foleni ni ileile.